Aliyejibu kwa Jina la Dorca

Inspekta Jacinta Akello hakukubali kiti. Alisimama katikati ya sebule ya nyumba ya kupanga kule Migosi, akavitazama viatu vya kike vilivyopangwa kando ya mlango, kisha akamgeukia mwanamume wa nyumba hiyo.

"Mkeo ameondoka Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Umekuja kituoni jana jioni. Ulikuwa unangoja nini?"

Dalmas, fundi wa magari, alifuta viganja vyake vyenye grisi kwenye suruali. "Alikuwa ananiandikia, Madam."

"Nionyeshe."

Alimpa simu. Ujumbe ulikuwa mfupi. *Nimeitwa semina ghafla. Dalmas usinisubiri. Nitarudi wikendi.* Siku iliyofuata ulikuja mwingine: *Niko sawa. Netiweki ni mbaya, usipige.*

"Mliagana vizuri?"

Dalmas alitazama sakafu. "Tuligombana kidogo."

"Juu ya nini?"

"Simu. Hilo kundi lake la wakunga. Mtu anajifungua huko visiwani, simu inalia hapa Migosi. Tunakula, iko mkononi. Tunaomba, iko mkononi. Nilimwambia achague, ama mimi ama hao watu wake."

"Akachagua?"

"Alicheka tu. Akavaa viatu akaenda kazini."

Konstebo Wekesa, aliyekuwa ameegemea mlango, alimtupia mkubwa wake jicho. Jacinta alilielewa. Ugomvi ulikuwepo, kuchelewa kulikuwepo, na mwanamume mwenye mikono ya kuinua injini alikuwa mbele yao. Aliingia chumbani bila kuomba ruhusa. Nguo za mke huyo, Dorca, zilikuwa zimejaa kabatini. Juu ya kabati, begi la safari lilikuwa limelala na vumbi lake.

"Mtu wa semina haachi begi," alisema aliporudi. "Hukuliona?"

"Sikuangalia juu."

"Hukutaka kuangalia."

Jacinta aliitazama simu tena, safari hii polepole, neno moja baada ya jingine.

"Mkeo huwa anakuitaje?"

"Mimi?"

"Wewe. Hapa nyumbani."

"Baba Apiyo. Tangu tupate mapacha."

"Humu amekuita Dalmas."

Fundi aliichukua simu yake. Midomo yake ilicheza alipousoma ujumbe ule upya. Kisha akajishusha kwenye mkono wa kochi. "Nilidhani amenikasirikia," alisema. "Nilidhani ndiyo maana ameniita hivyo."

Jacinta alikuwa amewaona waongo wengi wakilia. Mwongo hukuongoza taratibu hadi kwenye kile anachotaka ukione. Huyu hakumwongoza popote. Alikuwa ameanguka shimoni saa hiyo hiyo, mbele ya macho yake.

"Simu yake inafunguliwa vipi?"

"Kwa kidole gumba. Kuna namba pia, lakini anaijua peke yake. Hata mimi hakunipa."

Ndani ya gari, Wekesa hakuwasha injini mara moja. "Kwa hivyo anayeandika ana simu ya mama na hana namba."

"Ana simu, na ana kidole," Jacinta alisema.

"Kidole cha maiti je?"

"Mara nyingi simu hukikataa. Tuseme yu hai, angalau mpaka alipojibu mara ya mwisho. Na yuko karibu sana na huyo anayejibu."

Wekesa alifikiri. "Simu kama hizo, Madam, zikikaa siku kadhaa hukataa kidole. Hudai namba. Yangu imenifanyia hivyo."

"Najua."

"Sasa ikidai namba, atamfanyia nini ndiyo aitoe?"

Jacinta alifunga mkanda wa kiti. "Endesha."

*

Duka la dawa la Trupti, mfamasia ambaye Dalmas alisema ni rafiki wa mkewe kundini, lilikuwa mtaa wa nyuma, karibu na soko la Jubilee. Alizaliwa Kisumu, kama baba yake, na wateja wake wa asubuhi alikuwa akiwahudumia kwa Kijaluo. Alipoona kitambulisho cha Jacinta aliwaomba radhi, akawatoa, akageuza kibao cha mlangoni.

"Anayeandika si Dorca," alisema hata kabla ya salamu.

"Umejuaje?"

"Unalijua kundi letu?"

"Nijulishe."

"Ni wauguzi na wakunga wa zahanati ndogo ndogo, kuanzia Usenge mpaka upande wa Kendu Bay. Wengi wanashika zamu peke yao. Hakuna daktari wa kuuliza. Kwa hivyo wanaulizana hapa, kwenye WhatsApp."

"Na Dorca ndiye anawajibu."

"Hapana. Watu wengi wanafikiria hivyo. Dorca hajibu."

Jacinta aliinua macho. "Msimamizi asiyejibu?"

"Mtu akileta shida, Dorca anauliza wenzake: nani amewahi kukutana na hii? Halafu ananyamaza. Anawangoja. Wakinyamaza sana anamwita mtu kwa jina, tena anamchagua yule asiyeongea. Wote wakishasema, ndipo anakusanya maneno yao, anayapanga. Nimekuwa msaidizi wake tangu tuanze. Sijaona siku moja ameruka akajibu kwanza. Anasema ukifanya hivyo, kesho hawataulizana tena. Watakungoja wewe, na siku hauko mtu atakufa."

Alimsogezea Jacinta simu juu ya kaunta. Jumanne, muuguzi mmoja alikuwa ameuliza: amemdunga mama sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, damu haijakatika, afanye nini? Mara tu baada ya swali, jina la Dorca lilikuwa limejibu: *Ongeza dozi. Dawa iko sawa. Mjadala umefungwa.*

"Mjadala umefungwa," Trupti alirudia, kama anayetema kitu kichungu. "Dorca hajawahi kufunga mjadala."

"Mtu akichoka anaweza kubadilika."

"Inspekta, kama ndani ya kichupa cha sindano hiyo ni maji, huyu anawaambia waongeze maji huku mama anaisha."

"Kwa nini kiwe maji?"

"Ndilo jambo walilokuwa wakizungumza wiki iliyopita. Angalia juu."

Jacinta alipandisha ukurasa. Ukawa kama uzio uliong'olewa mbao. *Ujumbe huu umefutwa na msimamizi Dorca.* Chini kidogo, tena. Kisha tena.

"Wasimamizi mko wangapi?"

"Yeye na mimi."

"Basi hata wewe ungeweza kufuta."

Trupti hakukasirika. "Ningeweza. Ichukue simu ukague. Lakini nakuomba usiende nayo mbali. Kuna mtu anaweza kuwa anavuja damu saa hii."

Jacinta akarudi kwenye kioo cha simu. Maneno yalikuwa yamefutwa, lakini majina ya walioyaandika yalibaki pale pale, juu ya kila pengo.

"Ametusaidia," alisema. "Kila aliyemfuta ametuonyesha kuwa ana jambo. Wapigie hao."

Wa kwanza alipokea haraka. Trupti aliweka simu kwenye spika.

"Niliandika juu ya ile sindano," sauti ilisema. "Nilimdunga mama, nikamdunga tena. Tumbo likabaki laini tu, haliko ngumu. Tulikuwa na vidonge vya kukata damu, ndiyo aliponea hapo. Nikatuma picha ya boksi. Wenzangu wakasema hata wao wako na boksi kama hilo."

"Mlilitoa wapi?" Jacinta aliuliza.

"Dawa zilikuwa zimetuishia. Mtu wa pikipiki akaleta, akasema kuna daktari anatusaidia mpaka zetu zifike. Jina sikuuliza, Mama. Nilishukuru tu."

Wa pili alisema karibu maneno yale yale. Wa tatu alikuwa Sista Anyango wa Usenge. Simu yake ilikuwa imezimwa. Trupti alipiga namba ya zahanati yenyewe.

"Sista Anyango hayuko," alijibu mwenzake. "Ametoka alfajiri na mapema. Sista Dorca alimwandikia amletee boksi lote lililobaki, liende likapimwe. Tena akamwambia azime simu, kwamba kuna watu wanawafuata."

"Amletee wapi?" Trupti aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Katito. Pale njia ya Kendu Bay inapokatia."

Jacinta tayari alikuwa mlangoni. "Funga duka," alisema. "Njoo na simu yako na chaja."

*

Walipita Nyamasaria, Wekesa akikanyaga mafuta na kuyapita malori ya miwa bila kupiga honi. Jacinta alikuwa kwenye simu yake. Kampuni ya simu ilisema ombi la kujua ilipo namba ya Dorca limepokelewa na lingejibiwa jioni. Kituo cha Katito kiliahidi kuweka maafisa kwenye njia panda, bila sare. Alimaliza, akamgeukia Trupti kwenye kiti cha nyuma.

"Jumatatu Dorca alikuaga?"

"Alipita dukani. Alisema, Trupti, kuna mtu nataka kumsikiliza kabla sijamsema. Nikimsema mbele ya watu kwanza, sitapata ukweli. Nikamuuliza ni nani. Akakataa. Alisema huenda ni makosa tu, na jina la mtu likishachafuka halioshwi."

"Kwa hivyo ni mtu anayemheshimu. Pengine mmoja wenu." Jacinta alinyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

Alisoma majibu yote ya Dorca wa uongo tangu Jumanne. Baada ya kila jibu, kundi lilikuwa limenyamaza. Wauguzi waliozoea kuandika mpaka usiku walikuwa wametulia kama waliomwagiwa maji. Isipokuwa mtu mmoja.

*Asante Sista Dorca kwa ufafanuzi mzuri.* Siku iliyofuata: *Barikiwa Sista, tumeelewa, tuendelee na kazi.* Leo asubuhi: *Asante kwa uongozi wako.*

"Daktari Sydney Opondo ni nani?"

"Daktari Sydney? Ana kliniki yake huko upande wa Katito. Ni mtu mzuri. Kila asubuhi anatutumia neno la Biblia."

"Jumanne Dorca alipojibu, nani alishukuru?"

"Yeye."

"Jana?"

"Yeye tena."

"Wengine wote wamenusa kitu, wakanyamaza," Jacinta alisema. "Huyu peke yake anapiga makofi, na anapiga upesi, kama mtu anayejua jibu liko njiani. Umesema ana kliniki. Dawa anaweza kupata?"

"Anawasaidia watu wakiishiwa..." Trupti alijisikia akisema. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. "Inspekta, huyo alituombea siku kundi lilipoanza."

"Nikiwa nimemkosea, nitaenda kumwomba msamaha mwenyewe. Sasa fungua kundi jipya. Waweke wote. Muache yeye, na uache namba ya Dorca."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Andika hivi: Hii ni polisi. Yeyote mwenye habari za Dorca atoe taarifa mara moja."

Trupti alianza kuandika, kisha vidole vikasimama. "Ukiandika hivyo hakuna atakayejibu. Wanaogopa polisi. Wanaogopa mabosi wao zaidi. Muuguzi akiandika kitu kikabaki pale, kesho kinasomwa mbele ya kamati ya nidhamu."

"Hatuna wakati wa kubembeleza watu."

"Ndiyo. Kwa hivyo hatuna wakati wa kuuliza vibaya."

Jacinta alimtazama kwenye kioo cha dereva. Mfamasia hakuwa ameinamisha macho. "Andika unavyojua wewe," alisema.

Trupti aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasoma kwa sauti:

*Ndugu zangu, hapa tuko sisi tu. Dorca hajaonekana tangu Jumatatu, na anayejibu kule si yeye. Tafadhali msiseme lolote kule. Zile sindano za boksi la pikipiki wekeni kando, tumieni vidonge. Nani amemwona Dorca, au ameona kitu kisichokaa sawa? Hata kiwe kidogo. Hakuna atakayeulizwa kwa nini hakusema mapema.*

"Tuma."

Kwenye orodha ya waliosoma, majina yalianza kuonekana. Watu walikuwa wakisoma. Hakuna aliyeandika.

Waliingia Ahero. Mkokoteni uliojaa magunia ya mchele ulikuwa umeziba njia karibu na mzunguko, na Wekesa akalazimika kusimama. Jacinta alihesabu pumzi zake mwenyewe. Iwapo mmoja tu wa wale waliosoma alikuwa rafiki wa Sydney, ujumbe ule ulikuwa umeshafika kwake. Alikuwa ameuweka uhai wa wanawake wawili kwenye kundi la watu asiowajua, kwa neno la mwanamke aliyekutana naye asubuhi ile.

"Wamesoma. Mbona hawajibu?"

"Wangoje."

"Siwezi kungoja."

"Hata mimi siwezi," Trupti alisema. "Lakini wangoje."

Mkokoteni ulipita. Wakakata kulia, mashamba ya mpunga yakakimbia dirishani. Ujumbe wa kwanza ukaingia: Jumatatu mchana mtu alimwona Dorca akishuka Katito, akamsalimia, alikuwa peke yake. Kisha kimya tena.

Trupti alianza kuwaita. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akimuuliza kila mtu habari yake kwanza. Mmoja alijibu hajui kitu. Mwingine alituma sala. Wa tatu alisema Daktari Sydney alimpigia jana akimuuliza amebaki na vichupa vingapi, akaona ajabu.

"Nani hajasema?" Jacinta aliuliza.

"Wengi. Lakini kuna mmoja hajawahi kuandika hata neno tangu Dorca amuweke. Anaitwa Winny. Alikuwa hapa mjini, akahama, sijui alikoenda."

"Mwite."

*Winny, uko? Habari ya huko?*

Juu ya kioo yakatokea maneno: *Winny anaandika.* Yakapotea. Yakatokea tena. Yakapotea. Jacinta aligundua kwamba alikuwa ameshika mkono wa mlango kana kwamba angeruka.

Simu ililia mikononi mwa Trupti. Aliiweka kwenye spika.

"Sista Trupti." Ilikuwa sauti ya chini sana, na nyuma yake maji yalikuwa yakichuruzika kwenye sinki. "Mimi nafanya kazi kwa Daktari Sydney."

Wekesa alipunguza mwendo bila kuambiwa, ili injini isipige kelele.

"Nakusikia, Winny," Trupti alisema. "Hauko peke yako. Endelea."

"Kuna mgonjwa chumba cha nyuma. Alimleta Jumatatu jioni, amelala. Alisema ni shangazi yake, akili imemsumbua. Ufunguo anakaa nao. Dawa anampa mwenyewe. Jana alisahau kufunga, nikaingia kubadilisha shuka. Nikaona uso. Sista, mimi sijawahi kukutana na Sista Dorca. Namjua kwa ile picha ndogo tu. Nilijiambia siye. Nilijiambia hivyo usiku wote."

"Anapumua vizuri?"

"Asubuhi nilisikiza mlangoni, nikasikia daktari anamuuliza kitu kwa nguvu. Anamuuliza namba. Namba gani sijui."

Jacinta aliinama kwenye simu. "Winny, mimi ni Inspekta Akello. Daktari yuko wapi sasa?"

"Ameenda Katito kuchukua mgeni. Mama fulani wa Usenge."

*

Kwenye njia panda ya Katito, afisa aliyevaa fulana ya timu ya mpira alikimbilia dirisha la gari. Kulikuwa na mama mwenye boksi la katoni, alisema. Amekaa pale kwa wauza ndizi. Dereva wa gari jeupe amemsalimia kwa jina, naye akapanda akicheka. Hawakuonekana kama watu wa kushikwa. Wameelekea Kendu Bay sasa hivi tu.

Winny alikuwa amewaeleza kliniki ilipo. Wekesa alikuwa ameshakata kona.

Kliniki ilikuwa nyumba ya bati la kijani, kando ya barabara, yenye ua wa mawe na lango la chuma. Walipolikaribia, lango lilifunguka kutoka ndani. Msichana mwenye sare ya uuguzi alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Alielekeza kwa kidevu.

Gari jeupe lilikuwa limesimama uani. Daktari Sydney Opondo, mwanamume nadhifu mwenye kalamu mfukoni, alikuwa amemfungulia mama mnene mlango wa abiria, kama mtu na mgeni wake wa heshima. Boksi la mgeni lilikuwa tayari mkononi mwa daktari.

"Karibuni," aliwaambia. "Kuna mgonjwa?"

"Yupo," Jacinta alisema. "Chumba cha nyuma. Nataka ufunguo."

Uso wa Sydney haukubadilika, ila boksi liliinama upande mmoja na vichupa vikagongana. "Huyo ni shangazi yangu. Kuna siri ya mgonjwa, Madam. Bila hati ya korti..."

"Sista Trupti!" Anyango alikuwa amemwona mfamasia akishuka. "Na Dorca yuko wapi? Amesema ananingoja ndani."

Hapo Sydney alitazama lango. Wekesa alikuwa amesimama mbele yake, pingu mkononi.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti, pamoja na simu ya mwanamke. Jacinta aliigusa simu kwa kitambaa, kioo kikawaka. Kilikuwa kinadai namba.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililofunikwa kwa shuka. Dorca alikuwa amelala chali, mkono mmoja umefungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda, midomo imepasuka. Trupti alipiga magoti, akashika kifundo cha mkono, akafumba macho. Jacinta aliutazama mdomo wa Trupti, akingoja. Ukumbini saa ya ukuta ilikuwa ikigonga.

"Mpigo upo," Trupti alisema. "Ni mdogo, lakini upo. Winny! Maji ya mshipa, haraka."

Winny aliingia mbio. Mikono yake ilipata mshipa kwa jaribio la kwanza. Dorca alifungua macho, akawatazama bila kuwaona.

"Sikumpa," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Nimemtajia namba za uongo. Nyingi. Sikumpa."

"Najua," Trupti alisema. "Nyamaza sasa."

Nje, Sydney alikuwa amekalishwa kwenye benchi la wagonjwa. Jacinta alisimama mbele yake.

"Hivyo vichupa umevipeleka wapi?"

"Nitaongea wakili wangu akiwepo."

"Ni haki yako. Lakini kuna mahali vinadungwa leo. Nipe majina ya zahanati tu."

"Nilinunua kwa mtu kama dawa nzuri. Mimi pia nilidanganywa. Na Dorca hakunielewa, alitaka kuniharibia jina. Nilihitaji siku chache tu nizirudishe kimya kimya. Kwa mikono yangu hakuna aliyekufa."

Sista Anyango alikuwa amesimama kando ya gari muda wote huo, mkoba wake kifuani, akisikiliza. Alitembea mpaka kwenye benchi. Wekesa alitaka kumzuia, Jacinta akatikisa kichwa.

"Daktari," Anyango alisema, tena kwa adabu. "Jumapili nilikuwa na msichana anaitwa Auma. Mzaliwa wake wa kwanza. Nilimdunga dawa yako. Nilimdunga tena. Aliniuliza, Sista, mbona nasikia baridi? Nikamwambia ngoja kidogo, dawa inashika. Nilikuwa namwambia hivyo nikiamini. Sikuandika kundini kwamba amekufa. Nilishindwa. Mimi ndiye nilimfunika. Mtoto yuko kwa nyanyake, ni msichana. Sasa hawa watu wamekuuliza swali. Wajibu."

Sydney alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. Alianza kutaja zahanati, mwanzo kwa sauti isiyosikika, baadaye kwa haraka, kama mtu anayeogopa atasahau. Kila alipotaja, Trupti, aliyetoka chumbani simu ikiwa sikioni, alipiga. Wa kwanza walikuwa wameshaweka boksi kando. Wa pili vilevile. Wa tatu hawakuwa wamelifungua.

Ya mwisho ilikuwa ya kisiwani. Muuguzi wa pale alikuwa amejiunga na kundi juzi tu, na ujumbe wa asubuhi hakuwa ameusoma. Simu iliita mpaka ikakatika. Trupti akapiga tena. Ikaita.

"Haloo, siwezi kuongea!" Alikuwa mwanamume, na alikuwa akihema. "Nina mama hapa, kondo limetoka sasa hivi, damu inakuja nyingi. Nimeshika sindano..."

"Iweke chini!" Trupti alisema. "Hiyo si dawa. Iweke chini!"

"Niko peke yangu! Nifanye nini?"

Trupti alifungua mdomo, kisha akaiweka simu kwenye spika na kumnyooshea Anyango. Mkunga aliichukua kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni.

"Ndugu yangu, ni Anyango wa Usenge. Uko na vidonge? Mpe. Mtoto muweke kwenye titi. Sasa weka mkono juu ya tumbo, chini ya kitovu, sugua. Kwa nguvu. Usimhurumie. Unasikia kitu kama mpira? Sugua mpaka ukisikie."

Uani hakuna aliyesogea. Winny alikuwa amesimama kwenye mlango na chupa nyingine ya maji ya mshipa mkononi. Sydney alikuwa ameinama, mikono yake iliyofungwa pingu imeshikana. Kwenye spika ilisikika sauti ya mwanamke akilalamika, mtoto akilia, na pumzi za mwanamume anayefanya kazi kwa mwili wake wote.

"Usiache," Anyango alisema. "Niko hapa. Tuko wengi hapa. Usiache."

Muda ulipita. Jacinta hakutazama saa.

"Sista." Sauti ilikuwa imebadilika. "Imekuwa ngumu. Tumbo limekuwa ngumu."

"Na damu?"

"Inapungua," alisema kijana wa kisiwani, na akaanza kulia. "Sista, inapungua."